Spika za Zamani na Amplifaya Zake: Habari za Kuoana na Kutengana

Mtu anunuaye leo spika za stereo zilizotengenezwa katika miaka ya 1950 au 1960 aghalabu huanza kwa kulitazama sanduku: mbao zake, nembo yake, na kitambaa kilichofunika uso wake. Amplifaya huja baadaye, nayo huchaguliwa kwa wati zake au kwa bei yake, kana kwamba vyombo hivi viwili vilizaliwa katika nyumba mbalimbali na kukutanishwa na mnunuzi. Historia yasema kinyume. Spika nyingi zilizo bora za zama zile zilibuniwa zikielekezwa kwa amplifaya za namna fulani, na mara nyingine kwa amplifaya moja tu. Na hasara nyingi zinazowapata wanunuzi wa leo, kuanzia sauti iliyopooza hata spika kuungua, chanzo chake ni kusahauliwa kwa jambo hilo.

Yafaa kwanza kulifungua fundo la maneno. Kiswahili kilikuwa nalo tayari neno kipaza sauti, lililoundwa vizuri kutokana na kitenzi kupaza. Walakini neno hilo limebeba mizigo miwili, kwa kuwa hutumika kwa chombo kinachopokea sauti ya msemaji na pia kwa kile kinachoitoa mbele ya wasikilizaji. Ndiyo sababu neno spika limeshika mahali pake katika maduka na karakana, ijapokuwa nalo lina mwenziwe, yaani Spika wa Bunge. Amplifaya nayo huitwa kikuza sauti, lakini jina hili lapotosha kidogo. Amplifaya haikuzi sauti. Hukuza umeme uliochukua umbo la sauti, na sauti yenyewe haipo mpaka koni au utando wa spika utikise hewa. Tofauti hii si ya wanasarufi peke yao. Umeme ule hupokewa na kila spika kwa namna yake, na hapo ndipo habari zote zinazofuata zinapoanzia.

Katika mwaka wa 1925 wahandisi wawili wa kampuni ya General Electric ya Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg, walitangaza spika isiyokuwa na pembe. Kabla yao spika nyingi zilikuwa na pembe kubwa mfano wa ile ya gramafoni, iliyokusanya mtikisiko mdogo na kuutoa kwa nguvu, lakini kwa kuipotosha sauti. Rice na Kellogg walitumia koni ndogo ya karatasi iliyosukumwa na koili ya waya ndani ya sumaku, ikafungwa katika ubao. Sauti ilikuwa safi, ila ilidai umeme mwingi kuliko redio za wakati ule zilivyoweza kutoa. Kwa hiyo ilipouzwa mwaka wa 1926 kwa jina la Radiola 104, ilitiwa amplifaya yake ndani ya kabati lile lile, na bei yake ilikuwa dola 250. Hivyo spika ya kwanza ya namna hii kuuzwa iliingia sokoni ikiwa pamoja na amplifaya yake. Kutengana kulikuja baadaye, na kulikuwa jambo la biashara kuliko la elimu.

Kutengana huko kulistawi hasa Uingereza. Gilbert Briggs alianzisha karakana ya Wharfedale huko Yorkshire mwaka wa 1932, na mwaka wa 1948 akatoa kitabu juu ya spika kilichosomwa na watu wengi waliojijengea masanduku yao wenyewe. Mwaka wa 1945 Harold Leak alileta amplifaya ambayo upotofu wake ulikuwa sehemu moja tu katika elfu, na mwaka wa 1947 D. T. N. Williamson alichapisha katika gazeti la Wireless World mchoro wa amplifaya uliofuatwa na mafundi katika nchi nyingi. Mnunuzi alipata spika kwa huyu na amplifaya kwa yule. Lakini makubaliano yalikuwapo, ingawa hayakuandikwa mkataba: spika za Kiingereza zilikuwa na ukinzani wa omu 15 au 16, na amplifaya za valvu, ile mirija ya kioo yenye kuwaka kama taa, zilikuwa na transfoma mwishoni iliyopangwa kwa kipimo hicho. Watengenezaji walijuana pia. Briggs alipofanya maonyesho ya kulinganisha santuri na wapigaji ngoma na vinanda walio hai katika ukumbi wa Royal Festival Hall, London, mwaka wa 1954, amplifaya zilitoka kwa Peter Walker wa Huntingdon.

Huyo Walker ndiye mwenye kisa kinachostahili kukaliwa zaidi. Kampuni yake, iliyoanzishwa mwaka wa 1936 na baadaye kujulikana kwa jina la bidhaa yake, Quad, ilitoa mwaka wa 1953 amplifaya ya valvu iitwayo Quad II, yenye wati 15. Kisha, akisaidiana na Williamson, Walker alibuni spika isiyo na koni wala sumaku. Ndani yake mna utando mwembamba sana wa plastiki uliosimama kati ya bamba mbili zenye matundu. Utando hutiwa umeme wa maelfu ya volti, na amplifaya inapobadilisha umeme wa bamba, utando huvutwa mbele na nyuma. Spika hii, ESL, ilionyeshwa mwaka wa 1955 na kuanza kuuzwa mwaka wa 1957. Wasikilizaji walishangaa jinsi sauti ya binadamu ilivyotoka bila alama ya sanduku, na hata sasa wako wanaosema kwamba katika sauti za katikati haijapata mshindani. Hukumu hiyo ina haki ndani yake, maadamu mtu hadai sauti nene za kutikisa sakafu.

Lakini tabia yake kwa amplifaya ni ngumu. Ukinzani wake si mmoja: katika sauti nene hupanda kupita omu 30, na katika sauti nyembamba kabisa hushuka mpaka karibu na omu 2. Tena haivumilii umeme unaozidi volti 33 kwenye kilele cha wimbi. Ukizidi hapo, cheche huruka kati ya bamba na utando, nao hutoboka. Sasa tuichukue Quad II. Wati 15 katika omu 16 ni volti zipatazo 22 kwenye kilele. Amplifaya hiyo haikuweza kuitoboa spika hata mtu akikizungusha kitasa mpaka mwisho, kwa hiyo mpaka wa moja ulikuwa ngao ya nyingine. Walipokuja kutumia transista, mafundi wa Huntingdon hawakusahau. Quad 303 ya mwaka wa 1967 ilikuwa na wati 45 katika omu 8, lakini umeme wake wa ndani ulidhibitiwa katika volti 67. Na kwa kuwa wimbi hupanda na kushuka katika pande mbili, kilele chake hakikuweza kufika hata volti 34. Mtu asiyejua habari hii huiona 303 kuwa amplifaya dhaifu kwa umbo lake zito. Mwaka wa 1975 ilitoka Quad 405 yenye wati 100. Hiyo kilele chake ni volti 40, na ilimlazimu mwenye ESL kuitia kizuizi cha kupunguza volti kabla ya kuiunganisha. Vizuizi hivyo ndivyo fundi asiyejua hutoa kwanza, akidhani anairudishia amplifaya nguvu yake.

Marekani njia ilikuwa nyingine. Edgar Villchur, akiwa na Henry Kloss, alianzisha Acoustic Research huko Cambridge, Massachusetts, mwaka wa 1954, na kuuza spika AR-1. Wazo lake lilikuwa kulifunga sanduku kabisa, na kuilegeza koni sana, ili hewa iliyofungwa ndani iwe ndiyo kamani inayoirudisha. Kwa hila hiyo sanduku dogo la kuweka rafuni lilitoa sauti nene ambazo hapo kwanza zilihitaji kabati la ukubwa wa jokofu. AR-3, iliyofuata mwaka wa 1958, iliongeza spika ndogo za umbo la kuba kwa sauti nyembamba. Wakati ulikuwa mwema, kwani santuri za stereo zilianza kuenea mwaka huo huo wa 1958, na nyumba ilihitaji spika mbili mahali pa moja. Makabati mawili ya jokofu sebuleni yasingekubalika na wenye nyumba wengi.

Udogo huo ulilipiwa kwa umeme. Josef Anton Hofmann, mwenzi wa Kloss katika kampuni ya KLH, ndiye mwenye kanuni iliyokuja kuitwa ya chuma: sanduku dogo, sauti nene za kina, na sauti kubwa kwa umeme mdogo, katika mambo haya matatu mtu huchagua mawili, na la tatu hulikosa. Paul Klipsch wa Hope, Arkansas, alichagua kinyume cha Villchur. Spika yake kubwa ya pembe, iliyotengenezwa tangu miaka ya 1940, huwekwa katika kona ya chumba ili kuta ziwe mwendelezo wa pembe, na hutoa desibeli zipatazo 104 kwa wati moja. Tukiilinganisha na spika ya sanduku dogo lililofungwa yenye desibeli 86, tofauti ni 18. Na kwa kuwa kila desibeli 10 ni umeme mara kumi, spika ndogo yataka wati 63 kufanya kazi ambayo ya pembe huifanya kwa wati moja. Ndiyo maana watu wa Japani waliozipenda spika kuu za majumba ya sinema waliweza kuzitumia pamoja na amplifaya ya valvu moja ya 300B, yenye wati 8 hivi, wakaridhika. Na ndiyo maana amplifaya hiyo hiyo ikiunganishwa na AR-3 hutoa sauti ya mgonjwa. AR-3 ilitakiwa ipewe wati 25 au zaidi, na wenzi wake wa haki walikuwa amplifaya za namna ya Dynaco ST-70 ya mwaka wa 1959, yenye wati 35 kila upande. Wale wasemao kwamba AR ni nzito na haina uhai, mara nyingi wameihukumu amplifaya isiyofaa.

Transista zilipovunja utawala wa valvu, makubaliano ya omu yalivunjika pia. Amplifaya ya transista kwa kawaida haina transfoma ya mwisho. Hutoa volti zake, na spika huchota umeme kwa kadiri ya ukinzani wake. Ikiwa imeandikwa wati 40 katika omu 8, kwa Wharfedale ya omu 15 hutoa nusu yake au kuzidi kidogo. Hapo hapana madhara, ila sauti hupungua. Kwa AR ya omu 4 huchota umeme maradufu, na amplifaya ya bei ndogo hupata joto na kufa, pengine ikaiua na spika. Tangu makala ya A. N. Thiele wa Australia, ya mwaka wa 1961, na kazi ya Richard Small iliyofuata miaka ya 1970, tabia ya koni na sanduku iliweza kupigiwa hesabu mapema. Walakini hesabu hizo kwa kawaida hufanywa kwa kuichukulia amplifaya kuwa chombo kisicho na ukinzani wa ndani, jambo lililo karibu na kweli kwa transista na mbali nalo kwa valvu nyingi za kale. Kwa hiyo spika iliyopangwa katika zama za valvu huenda ikakauka sauti nene mbele ya transista, nayo haina kosa.

Kuna sura moja ya historia hii inayogusa nchi ya Waswahili wa bara. Sumaku za spika nyingi za zamani zilikuwa za alniko, yaani mchanganyiko wa chuma, alumini, nikeli na kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia ilitoka migodi ya Katanga, iliyoitwa Shaba wakati huo. Vita vya mwaka wa 1977, na kisha kuvamiwa kwa Kolwezi mwaka wa 1978, viliitia soko hofu. Bei ikapanda kwa ghafula, na watengenezaji kama JBL wakaiacha alniko na kushika sumaku za feraiti. Wanunuzi wa leo hulipa zaidi kwa alniko, wakisema sauti yake ni tamu. Wachache hukumbuka kwamba JBL iliibadili pia nafasi ya sumaku ndani ya spika za feraiti ili kulinda ubora, na kwamba alniko yenyewe huweza kupungua nguvu ikipigwa na umeme mkubwa kupita kiasi. Hapo tena ni habari ya amplifaya.

Mambo yaliyobaki ni ya mkono na jicho. Ukingo wa sponji unaoishika koni, uliotumiwa sana tangu mwisho wa miaka ya 1960, huoza na kuwa unga hata spika ikiwa haijapigwa. Ukingo wa nguo hudumu. Koni husukumwa taratibu kwa vidole, pande zote sawasawa, na mkwaruzo ukisikika ni dalili kwamba koili imepinda au imeungua. Kapasita za ndani hubadilika kwa miaka, na kwa hizo sauti nyembamba hufifia. ESL husikilizwa gizani kwa muda baada ya kuwashwa, maana cheche zake huonekana kabla hazijasikika. Kisha mnunuzi huomba kuona amplifaya ambayo mwenye spika alikuwa akiitumia. Na kama ni Quad 405, hufunguliwa kifuniko kutazama kama vizuizi vimo.