Mgeni Alikaa, Nani Alisukuma? Historia ya Kuzunguka Mombasa

Wanangu wa Tarasaa, Ngao, Garsen na nyote mnaosoma huku, leo tuongee usafiri.

Ukitafuta mtandaoni namna ya kuzunguka Oslo, kule Norwe, utapata video hadi uchoke. Utaonyeshwa vile tiketi moja inakupandisha basi, tramu, treni ya chini ya ardhi na hata boti ya kuvuka ghuba. Poa sana. Lakini kijana wa Delta anayeenda Mombasa mara ya kwanza anapewa maelekezo ya sentensi moja: "Ukishuka Mwembe Tayari nipigie." Simu ikizima, shauri yako.

Nimekuwa nikisoma vile wageni wa zamani walivyozunguka Mombasa, na kuna swali linanifuata kila nikifungua kitabu. Mgeni tunamjua, jina lake liko pale, picha yake iko pale. Aliyembeba ni nani?

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Mombasa akielekea Kilwa. Alilala usiku mmoja tu, lakini macho yake yalifanya kazi. Alieleza kwamba nafaka ililetwa kwa mashua kutoka bara, kwamba misikiti ilijengwa kwa mbao, na kwamba watu walitembea miguu mitupu. Kabla ya kuingia msikitini mtu aliosha miguu, na mlangoni kulikuwa na mkeka mnene wa kuifutia. Hebu fikiria mji huo. Tajiri na maskini wote wako chini, wote miguu ina vumbi, wote wanaosha kabla ya kuingia. Usafiri wa ndani ulikuwa miguu yako mwenyewe.

Aprili 1498 akaja Vasco da Gama. Huyu hakuweza hata kuingia vizuri. Alitia nanga nje ya kisiwa, wenyeji na yeye wakashukiana, mambo yakaharibika, akaondoka kuelekea Malindi. Malindi ndiko alikopewa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Vitabu vya shule hutuambia huyu bwana "aligundua njia". Sasa jiulize: kama aliigundua, rubani alikuwa wa nini? Mwenye njia alikuwa yule aliyeshika usukani.

Ruka hadi 1890. Kampuni ya Waingereza, ile tuliyoisoma shuleni kwa kifupi cha IBEA, ilitaka kujenga reli ya kufika ziwa kubwa la Uganda. Wakaipa jina la kujidai kabisa: Reli ya Afrika ya Kati. Unajua ilifika wapi? Kama kilomita 11 hivi, ikaishia hapo. Hawakuwa na pesa za kuendelea. Reli ya kweli ilianza 1896 chini ya serikali ya Uingereza, ikafika Kisumu 1901.

Lakini vile vyuma vyembamba vya mwanzo havikutupwa. Viling'olewa vikatandikwa kwenye njia za kisiwa chenyewe, na juu yake vikawekwa vigari vidogo: benchi la kukaa na kijipaa cha kuzuia jua. Hayo ndiyo matoroli ya Mombasa. Hakukuwa na injini wala farasi. Injini ilikuwa wanaume Waafrika, nyuma ya benchi, wakisukuma kwa mikono huku wakikimbia juani.

Kwa miaka mingi hiyo ndiyo ilikuwa njia ya mgeni kuzunguka mji. Ukishuka melini Kilindini, ulikaa kwenye toroli ukasukumwa hadi mjini. Maofisa na matajiri wengine walikuwa na toroli zao binafsi, kama leo mtu anavyomiliki gari na dereva. Churchill alipokuja 1907, na Roosevelt wa Marekani aliposhuka 1909, Mombasa waliyoikuta ilikuwa hii ya matoroli. Miaka ya 1920 motokaa zikaongezeka, barabara zikatengenezwa, na toroli zikafa.

Picha za enzi hizo zipo, nyingine zilichapwa hadi kwenye kadi za posta. Mzungu amekaa, suti nyeupe, kofia ngumu. Nyuma yake wanaume wawili wamesimama, nguo za kazi, mikono kwenye chuma. Chini ya picha mara nyingi utasoma mahali, pengine na jina la aliyekaa. Waliosukuma hawaandikwi, na picha yenyewe isingekuwepo bila wao.

Sasa kuna mtu atasema, "Bana, hayo ni mambo ya wakoloni, yalishapita." Ngoja kidogo.

Mombasa ni kisiwa, na kisiwa hakiingiliki bila kuvuka maji. Kwa sisi tunaotoka Tana, safari ya zamani ilikuwa ya kuvuka na kuvuka tena. Unatoka Tarasaa, unapita Gongoni, Malindi. Ukifika Kilifi, barabara inaishia majini. Unasubiri feri. Ukivuka, unafika Mtwapa, maji tena. Kivuko cha Mtwapa kilivutwa kwa mnyororo, na waliovuta walikuwa wanaume waliokuwa wakiimba ili mikono iende pamoja. Wageni walikipenda mno, wakakiita feri inayoimba, wakasimulia makwao. Wimbo ule kwa msafiri ulikuwa burudani. Kwa mvutaji ulikuwa kifaa cha kazi, sawa na mnyororo wenyewe.

Baada ya Mtwapa bado kuna Nyali. Hapo mwaka 1931 lilifunguliwa daraja la kuelea, na halikuwa la bure, ulilipa ndipo uvuke. Daraja la zege tunalolijua leo lilikuja 1980. Kilifi nayo ilipata daraja lake 1991. Kizazi changu kimezaliwa kikakuta madaraja yote haya, ndiyo maana tunapita Kilifi tukiwa tumeinamia simu. Mamangu yeye aliwahi kupanga siku nzima kwa sababu ya foleni ya feri ya pale.

Na tusijifanye hii ni historia ya Mombasa peke yake. Kabla ya daraja la Garsen, gari la kwenda Lamu lilivushwa Mto Tana kwa kivuko. Mgeni kutoka Nairobi alisimama ukingoni kama kila mtu, akingoja watu wetu wamvushe. Hata mwishoni mwa 2023, mvua ya El Niño ilipokata barabara ya Garsen kwenda Lamu upande wa Gamba, watu walirudi kwenye boti. Lami ilizama na mtumbwi ukarudi kazini.

Upande wa kusini, feri ya Likoni imekuwa ikifanya kazi tangu 1937. Inasemekana watu zaidi ya 300,000 huvuka pale kwa siku, na anayetembea kwa miguu halipi. Hapo tunaweza kuwaambia wale wa Oslo kwamba boti yetu ni bure kabisa. Lakini bure hii imekuwa na gharama yake. Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka na watu 272 wakafa. Wengi walikuwa watu wa kawaida, watu wa kuvuka asubuhi kutafuta riziki kisiwani. Leo kuna barabara ya Dongo Kundu, mwenye gari anaenda Kwale bila kugusa feri. Mwenye miguu bado anategemea chombo kile kile.

Na matatu je? Jina limetokana na mapeni matatu, zile senti kumi kumi tatu zilizokuwa nauli. Zilianza kama gari za magendo, zikikimbizwa na polisi, mpaka Mzee Kenyatta akaziruhusu rasmi mwaka 1973. Hii naipenda kwa sababu ni usafiri ambao watu wa kawaida walijitengenezea wenyewe, serikali ikafuata nyuma. Na kwa mara ya kwanza aliyekaa na anayeendesha wakawa wa mtaa mmoja. Makanga anakuita "shekhe" ama "mama", wewe unamwambia "shukisha hapo mbele". Hakuna bwana wala mtumwa ndani ya ile gari, kuna kelele tu na chenji isiyorudi.

Lakini teremka Marikiti asubuhi moja, uangalie barabarani. Utaona mkokoteni umejaa magunia ya viazi, mtu mmoja anavuta mbele, mwenzake anasukuma nyuma, jasho linatiririka, matatu zinampigia honi atoke njiani. Toroli ya chuma ilikufa miaka ya 1920. Ile kazi haikufa. Ilibadilisha mzigo tu, badala ya bwana ikawa magunia.

Na anayesukuma ni nani? Mara nyingi ni kijana aliyekuja mjini kama mgeni. Wengine wametoka kwetu, mafuriko yamekula shamba, ama ukame umemaliza ng'ombe, wakapanda gari la alfajiri wakaja. Huyu ni mgeni wa Mombasa sawa na yule wa suti nyeupe. Tofauti ni kwamba mmoja mji ulimpokea kwa benchi na kijipaa, mwingine unampokea kwa vipini viwili vya mkokoteni na "toka njiani, we!"

Hapa ndipo naudhika. Tukiandika historia ya usafiri, tunaandika miaka ya madaraja na majina ya waliokata utepe. Nimefanya hivyo hivyo huku juu, hesabu tarehe nilizokupa. Ni kwa sababu ndizo zilizoandikwa. Majina ya wasukuma toroli sina. Ya wavuta mnyororo wa Mtwapa sina. Ya waliovusha watu Garsen sina, na hao pengine ni babu zetu kabisa, huenda mmoja wao amekaa chini ya mwembe sasa hivi anasubiri chai.

Kwa hivyo mchango wangu kwa "namna ya kuzunguka Mombasa" ni huu. Nauli uliza kabla hujapanda, uliza abiria mwenzako, si makanga. Tuk-tuk patana kwanza. Likoni vuka na uwe makini na mfuko. Ukimpa mtu wa mkokoteni kazi, kubalianeni bei kabla hajanyanyua gunia, na umlipe hiyo hiyo mkifika, usimpunguzie ati kwa kuwa ni karibu. Muulize anaitwa nani na kwao ni wapi. Usishangae akikujibu Ngao ama Wema.

Na ukirudi nyumbani, mtafute mzee yeyote aliyewahi kufanya kazi kwenye kivuko. Mwamkie vizuri, kaa chini, washa kinasa sauti cha simu. Muulize alilipwa ngapi, alivusha nani, waliimba nini, siku mto ulipofura ilikuwaje. Andika jina lake kamili, jina la babake na la kijiji chake. Kisha nitumie, nitaliweka hapa, juu kabisa, kabla ya jina la mgeni yeyote aliyewahi kuvushwa.