Kabla ya kununua tela la kambi, pima maji, umeme na barabara

Na Mwandishi Wetu

WAPENZI wa safari za porini wanaovuta matela yenye hema, jiko na tangi la maji hufika maeneo ambayo hayana hoteli wala nguzo ya umeme. Katika hifadhi za Ruaha na Katavi, kwa mfano, kambi maalumu huwa hazina huduma yoyote, hivyo mgeni hulazimika kwenda na kila anachohitaji na kurudi na taka zake.

Huko, ekseli ikikatika au maji yakiisha, msaada unaweza kuwa mbali kwa mwendo wa siku nzima. Kwa sababu hiyo, tela halichaguliwi kwa uzuri wa rangi.

Uzito
Mnunuzi anapaswa kujua uzito wa tela likiwa tupu na uzito wa juu unaoruhusiwa. Tofauti ya hizo mbili ndiyo mzigo halali. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, hivyo tangi la lita 120 ni kilo 120 kabla ya kupakia gesi na chakula.

Aidha, takriban asilimia 10 ya uzito wa tela lililopakiwa inapaswa kuegemea kwenye ndoano ya gari. Mzigo mwingi ukiwekwa nyuma, tela huyumba barabarani na linaweza kupindua gari. Tela zito linapaswa kuwa na breki zake lenyewe.

Chini ya tela
Tela la porini linahitaji fremu imara na uvungu ulioinuka sawa na wa gari. Ni vema tairi, ringi na mpangilio wa nati zifanane na za gari, ili tairi moja la akiba litumike kote kuwili. Upana wa magurudumu nao ulingane na wa gari ili yapite katika mkondo mmoja kwenye mchanga na tope.

Springi za vyuma bapa huruka zaidi kwenye makorongo, lakini fundi wa mji mdogo huweza kuzitengeneza. Mifumo mingine ni laini zaidi, ila vipuri vyake huwa adimu. Ndoano ya kawaida ya mpira wa chuma hufaa lami. Kwenye mabonde makali hutakiwa ile inayozunguka pande zote.

Maji na umeme
Watu wanne wakitumia lita tano kila mmoja kwa siku kwa kunywa na kupikia, siku tatu zitahitaji lita 60. Kuoga na kuosha vyombo kunaweza kuongeza kiasi hicho maradufu. Matangi mawili ni salama kuliko moja, kwani moja likitoboka jingine hubaki.

Friji ndogo ya volti 12 hutumia takriban Ah 40 kwa siku, na zaidi penye joto kali. Betri ya kawaida ya Ah 100 haifai kutumiwa zaidi ya nusu, hivyo bila kuchajiwa friji itazimika baada ya siku moja na kidogo. Betri ya lithiamu huruhusu kutumia sehemu kubwa zaidi, ingawa bei yake ni ya juu. Paneli ya jua ya wati 100 haitoshi kwa friji hiyo. Wati 150 hadi 200 hutoa nafasi ya kupumua, hasa siku ya mawingu.

Kabla ya kulipa
Kagua mipira ya milango, kwani vumbi huingia hadi kwenye unga. Hakikisha nyavu za madirisha ni nzima, kwa kuwa Katavi ina mbung'o wengi. Jiko liwe la kutolewa nje. Kupikia ndani ya hema lililofungwa huleta gesi ya sumu isiyo na harufu.

Hatimaye, livute tela likiwa na mzigo kamili kwenye barabara mbovu iliyo karibu na nyumbani, kisha lala humo usiku mmoja. Kasoro ikijitokeza hapo, fundi yupo jirani.