Boriti, Chokaa na Udongo

Mgeni azuruye magofu ya Kilwa Kisiwani huoneshwa Msikiti Mkuu na kasri la Husuni Kubwa, kisha huambiwa kwamba hapo ulisimama mji wa mawe. Lakini Ibn Battuta, msafiri wa Tangier aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliusifu mji huo kwa uzuri, akaeleza kuwa umejengwa kwa miti. Wako waliodhani amekosea. Mimi naona alisema aliyoyaona. Masultani na matajiri walikaa katika mawe; umma wa watu ulikaa katika nyumba za miti, udongo na makuti, ambazo zikianguka hurudi ardhini zilikotoka, wala hazimngoji mwanahistoria.

Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, wachimbuaji walikuta chini ya msikiti wa mawe mabaki ya misikiti ya miti iliyoutangulia, wa kwanza ukiwa wa karne ya 8. Basi nyumba ya mawe haikushuka pwani ikiwa kamili kutoka ng'ambo. Ilikua polepole, mahali pale pale palipokuwa na fito na udongo.

Na hayo mawe yenyewe yalitoka mlangoni pa watu. Matumbawe yalikatwa baharini yangali mororo, yakachongwa, nayo yakikauka huwa magumu. Chokaa ilipatikana kwa kuyachoma mawe ya namna hiyo juu ya rundo la magogo, kisha kuizima kwa maji. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, ambazo kutoka Lamu na delta ya Rufiji zilisafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni. Boriti haivuki vema upana unaozidi mita 3 hivi. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za Lamu na Unguja ni virefu na vyembamba. Mti wa ufukoni ndio uliochora ramani.

Mwaka 1977, alipopima miaka 10 ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alisikitika kwamba watu wanangoja saruji na bati, hali wanao udongo wa kuchomea matofali na vigae. Simlaumu mkulima apendaye bati. Makuti huchakaa upesi, huwaka kwa wepesi, na mchwa haombi ruhusa. Lakini kuiona nyumba ya udongo kuwa aibu ni jambo jingine, na aibu hiyo sisi tuliosoma ndio tulioieneza.

Nami nimo. Nyumba ya marehemu babu yangu ilikuwa ya mawe na chokaa. Nilipopata mshahara wa kutosha niliipiga lipu ya saruji, nikajiona nimemheshimu. Ukuta wa chokaa hupumua: unyevu hupanda kutoka ardhini ukatokea usoni pa ukuta na kukauka. Saruji huziba njia hiyo, maji na chumvi vikabaki ndani. Masika ya tatu lipu ilibanduka, ikaondoka na uso wa mawe.

Tulimtafuta mjuzi wa kuzima chokaa. Tulimpata mzee mmoja tu, naye macho yamekwisha. Aliketi kitini, akaipima chokaa kwa vidole huku mwanangu akikoroga.

"Bado, mjukuu wangu," alimwambia kwa siku ya tatu. "Haijaiva. Koroga."