Jina la Saio na Baba Zetu Waliokwenda Vitani, 1940–1945



Kila siku watu wa Bukavu hutaja jina la Saio. Mmoja husema kwamba anakaa Saio, mwingine kwamba mgonjwa wake amelazwa Saio, mwingine kwamba gari litamshusha karibu na Saio. Walakini tulipowauliza vijana wa kwaya jina hilo limetoka wapi, wengi walijibu kwamba ni jina la Mbelgiji fulani wa zamani. Saio si mtu. Ni mji mdogo wa mlimani, upande wa magharibi wa nchi ya Ethiopia, ambao siku hizi huitwa Dembi Dolo. Kambi yetu ya askari iliitwa hivyo kwa ukumbusho wa ushindi ambao askari wa Kongo waliupata huko juu ya Waitaliani mwezi wa Julai 1941. Kinshasa nako kuna barabara za Saio, Gambela na Asosa, na watu huzipita vilevile bila kuuliza.

Sisi wa tume ya historia ya parokia hatukuwa na nia ya kuandika habari za vita. Kazi tuliyopewa ilikuwa kukusanya habari za wamisioni wa kwanza, za makatekista na za ujenzi wa kanisa. Lakini mama mmoja wa shirika letu, mwenye umri wa miaka zaidi ya sabini, alituletea ombi. Alitaka jina la marehemu baba yake lisomwe katika Misa ya Yubile pamoja na majina ya askari wa Saio, kwa maana jamaa yake ilisema sikuzote: "Mzee alikuwa wa Saio." Mzee mwingine wa mtaa alisikia habari hiyo, akapinga vikali. Alisema kwamba mtu yule hakubeba bunduki hata siku moja, alikuwa mpagazi tu. Neno hilo "tu" liliumiza sana. Nyumba hizo mbili, zilizokuwa zikiketi benchi moja kanisani, ziliacha kupeana mkono wakati wa amani. Tuliona kwamba jambo hili halifai kuachwa hivyo, na kwamba jina litakalosomwa mbele ya altare lazima lisomwe kwa kweli.

Karatasi za mzee huyo hazikuwako tena. Mwaka wa 1967, tangu Agosti hata Novemba, mamluki wa Jean Schramme walipoushika mji wa Bukavu, jamaa ilikimbilia kijijini. Waliporudi walikuta sanduku limevunjwa, na nishani na kitabu cha askari vimechukuliwa. Ilibaki picha moja, kwa sababu mama wa nyumba alikuwa ameificha ndani ya kitabu cha sala. Nyuma yake pameandikwa kwa kalamu ya risasi: 10 C.C.S. Watoto walidhani ni bei ya picha.

Kabla ya kueleza herufi hizo, yafaa tuseme jeshi lile lilivyokuwa, kwa maana wengi hutafuta baba zao mahali wasipoweza kuonekana. Force Publique ya wakati wa Wabelgiji haikuwapanga askari kwa kabila wala kwa mkoa. Wakubwa waliogopa maasi, basi katika kila kikosi walichanganya makusudi watu wa makabila mbalimbali, nao waliwapeleka mbali na kwao. Kijana aliyeandikwa Kabare au Walungu aliweza kufanya miaka yake saba ya utumishi kule Stanleyville au Kasai, akaamrishwa kwa Lingala, lugha ya jeshi, akarudi nyumbani akichanganya Lingala na Kiswahili hata jirani wakamcheka. Kwa hiyo ukiuliza "Wanajeshi wa Kivu walipigana wapi?" hutapata jibu. Huna budi kuuliza namba ya batalioni na mwaka. Mwenye namba ya matrikule ya baba yake ana mlango wa kuingilia, kwa sababu makaratasi ya utawala wa koloni na ya jeshi lake yalipelekwa Bruxelles, na huko hupangwa kwa namba. Asiye nayo, kama mama yetu, analazimika kufuata alama ndogondogo.

Tulianza na Saio yenyewe. Ubelgiji ulisalimu amri mbele ya Wajerumani tarehe 28 Mei 1940. Gavana Mkuu Pierre Ryckmans akaiweka Kongo upande wa Waingereza, na Force Publique ikaongezwa hata ikafikia watu 40,000 hivi. Mwanzo wa 1941 vikosi vilitoka kaskazini-mashariki ya Kongo, vikapita Aba na Juba, vikaingia Sudani, vikaelekea Abisinia iliyokuwa mikononi mwa Waitaliani. Asosa ilitwaliwa tarehe 11 Machi 1941, Gambela mwezi uleule. Kisha wakakwama. Waitaliani walikuwa juu mlimani, wengi kuliko wao, wenye mizinga. Askari wetu walikuwa chini, karibu na kijito cha Bortai, na mvua kubwa ilikuwa imeanza. Njia ya chakula ilikuwa ndefu mno, kwa magari, kwa mashua za mto Nili, kisha kwa vichwa vya watu. Ugonjwa wa beriberi, unaotokana na chakula kisicho na nguvu, uliwavimbisha miguu, na kuhara damu kuliwamaliza wengine. Katika vita ile yote walikufa watu karibu 500, na si risasi peke yake iliyowaua.

Tarehe 3 Julai Waitaliani waliinua bendera nyeupe. Jenerali Pietro Gazzera alisalimu amri kwa Jenerali Gilliaert wa Force Publique, na majenerali 9 kwa jumla walitiwa mikononi mwa jeshi ambalo askari wake, wakirudi kwao, hawakuruhusiwa kuketi mahali walipoketi wazungu. Hawakushinda peke yao: Waingereza, askari wa King's African Rifles na wazalendo wa Ethiopia walikuwa wakiwabana Waitaliani upande mwingine. Tunalisema hilo kwa sababu katika hotuba za sikukuu husahauliwa mara nyingi.

Na wapagazi? Huyo mzee aliyesema "mpagazi tu" alitusukuma kuchunguza na hilo. Kwenda Saio, wapagazi walihesabiwa kwa maelfu. Katika vita ya kwanza, ile iliyowafikisha Wakongo Tabora tarehe 19 Septemba 1916, walikuwa zaidi ya 200,000. Nchi yetu ya Kivu, iliyopakana na Wajerumani, ilitoa watu wengi na chakula kingi, na kule ziwani Idjwi ilikuwa imetwaliwa na Wajerumani tangu 1914. Mpagazi hakupewa bunduki wala kitabu, basi jina lake ni gumu kuonekana kuliko jina la askari yeyote. Kama baba wa mama huyu angekuwa mpagazi, tungalisoma jina lake kwa sauti ileile.

Lakini hakuwa mpagazi, wala hakuwa askari wa bunduki, wala hakufika Saio.

Jambo la kwanza lililotufungua macho lilikuwa kitabu cha ubatizo. Mapadri Weupe waliandika kila kitu kwa Kilatini, na sisi tuliopita seminari ndogo tunashukuru leo kwa fimbo tulizozila kwa ajili ya lugha hiyo. Kwa watoto wa askari, baada ya jina la baba huwa pameandikwa *miles*. Katika ukurasa wa mwaka wa 1947, kwenye ubatizo wa kaka mkubwa wa mama yetu, neno hilo halipo. Pameandikwa *infirmarius*, yaani muuguzi. Tukarudi kwenye picha. C.C.S. ni alama ya Waingereza kwa hospitali ya vita, ile inayokaa nyuma kidogo ya mapigano na kupokea majeruhi kabla hawajapelekwa mbali. Na hospitali ya namba 10 ilikuwa ya Kongo: Wakongo 350 hivi na Wabelgiji 20 hivi. Ilitumikia Afrika ya Mashariki, kisha ikavushwa bahari hata Birmania, upande wa pili wa India, ambako Waingereza walikuwa wakipigana na Wajapani.

Huko iliwekwa pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Mwaka wa 1944, katika mvua isiyokoma, divisheni hiyo iliteremka bonde la Kabaw, mahali palipojulikana kwa malaria na homa kuliko kwa risasi, na mwezi wa Desemba ikavuka mto mkubwa wa Chindwin. Majeruhi walioletwa katika mahema ya Wakongo walikuwa watu wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasa, na wengi wao walisema Kiswahili. Tuliposoma hilo tulikaa kimya kidogo. Muuguzi wa Kivu, mbali kabisa na nyumbani, kati ya Waingereza na Wabelgiji, aliweza kumwuliza mgonjwa kwa lugha yake mwenyewe panapomwuma.

Jamaa ilipata wapi basi neno "wa Saio"? Aliporudi alifanya kazi ya uuguzi kwa askari na kukaa kambini, na watu wa mtaa walimwita kwa jina la kambi. Miaka ikapita, mji wa mlimani na kambi ya Bukavu vikawa kitu kimoja katika masimulizi.

Tulimpelekea mama habari hizi Jumapili jioni, tukiwa na hofu, kwa sababu tulikuwa tunamwondolea ushindi ambao jamaa yake ilijivunia tangu zamani. Alisikiliza hata mwisho. Kisha akauliza: "Basi hakuua mtu?" Tukamjibu kwamba kazi ya hospitali ile haikuwa kuua. Akaitazama picha kwa muda mrefu, akasema kwamba sasa anafahamu kwa nini baba yake aliwafungia wagonjwa wa mtaa wote vidonda bila malipo, na kwa nini alikuwa akiimba mto ambao hakuna mtu aliyeujua. Yule mzee mwingine alikuja mwenyewe siku ya pili.

Hatuwezi kuficha kwamba watu hao walilipwa kidogo sana. Wengi wa waliokwenda Abisinia, wa lile jeshi lililopelekwa Nijeria mwaka wa 1942 na baadaye Misri na Palestina, na wa Birmania, walikufa bila heshima yoyote ya kweli. Waliobaki nyumbani nao walikuwa na vita yao: tangu 1942 siku za kazi ya lazima zilifikishwa 120 kwa mwaka, na mpira na bati ya Maniema vilitolewa kwa jasho. Tarehe 8 Juni 2022, mjini Kinshasa, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvalisha nishani Kaporali Albert Kunyuku, mwenye umri wa miaka 100, aliyekuwa amefika Birmania. Ilikuwa miaka 77 baada ya vita kwisha.

Katika Misa ya Yubile majina yatasomwa kwa mafungu matatu: askari, wapagazi, wauguzi. Hadi sasa tunayo majina 23, na fungu la wapagazi lina manne tu. Wenye kitabu cha askari, nishani, picha yenye maandishi nyuma, au hata namba ya matrikule iliyoandikwa mahali popote, wazilete kwa sekretari wa parokia baada ya Misa ya kwanza. Zitanakiliwa papo hapo na kurudishwa mkononi mwa mwenyewe.