Mwaka 1890: wachezaji wa besiboli walipoacha mapatro na kuunda ligi yao

Besiboli, ule mchezo ambamo mtu anapiga mpira mdogo kwa fimbo halafu anakimbia kuzunguka uwanja, hauchezwi sana kwetu. Lakini fitina iliyoipata kule Marekani mwaka 1890, kila mtu aliyewahi kutia sahihi kwenye kontra ya kazi ataielewa haraka.

Tangu 1879, wenyi timu za Ligi ya Taifa walikuwa na mapatano kati yao: kontra ikiisha, mchezaji anabaki wa timu ile ile. Hakuna timu ingine inaweza kumchukua. Patro akitaka kumuuza, anamuuza, bila kumuuliza. Mwaka 1885 wachezaji wakaunda sendika, kiongozi wao John Montgomery Ward, mchezaji wa New York ambaye alisoma pia sheria.

Mwisho wa 1888 Ward alikuwa mbali, katika safari ya kuzunguka dunia ambayo Albert Spalding, mwenye timu ya Chicago, aliipanga kwa kutangaza mchezo (walicheza hata Misri, karibu na piramidi). Huku nyuma mapatro wakapitisha mpango wa John Brush: wachezaji wagawanywe katika madaraja matano, wa chini dola 1,500 kwa mwaka, wa juu kabisa 2,500, na tabia ya mtu nayo ihesabiwe. Ward kurudi, akakuta mambo yamekwisha pangwa. Mapatro wakakataa kuzungumza.

Njo wachezaji wakaamua kutoka. Walitafuta watu wenyi pesa, wakaanzisha Ligi ya Wachezaji, timu nane, ambamo wachezaji na wenyi pesa walikaa pamoja katika uongozi. Mchezaji hangehamishwa bila yeye mwenyewe kukubali. Timu ya New York ilimpeleka Ward tribinali, na Januari 1890 jaji akakataa kumzuia. Spalding naye alimwahidi nyota King Kelly dola 10,000 kusudi arudi. Kelly alikataa: hangeweza kuwaacha wenzake.

Basi mwaka ule kulikuwa ligi kubwa tatu, na miji saba ilikuwa na timu za pande zote mbili, mara nyingi zikicheza siku moja. Huko New York viwanja viwili vilipakana kabisa. Tarehe 12 Mei, Mike Tiernan wa Ligi ya Taifa alipiga mpira ukavuka mpaka kiwanja cha jirani, na watazamaji wa pande zote mbili wakamshangilia. Timu ya Pittsburgh ya Ligi ya Taifa, iliyokimbiwa na wachezaji wake wazuri, ilishinda mara 23 tu na kupoteza 113. Cy Young, ambaye angekuja kushinda mechi 511, alianza mwaka ule, huko Cleveland. Tuseme na hii: mapigano haya ya haki hayakuwahusu wachezaji weusi, maana mlango wa ligi kubwa ulikuwa umefungwa kwao.

Boston ya Kelly ilitwaa shampiona ya Ligi ya Wachezaji, na ligi hiyo ilivuta watu kupita Ligi ya Taifa. Hata hivyo pande zote zilipata hasara. Kila upande ulidanganya hesabu za watazamaji ili mwengine aogope. Hapo Spalding alionyesha ujanja wake. Mapatro wapya hawakujua kwamba wenzao nao walikuwa wanazama. Akawaita mmoja mmoja, wakauza ao wakaungana na timu za zamani. Wachezaji walipoomba kuingia katika mazungumzo, walifungiwa mlango.

Mwaka 1891 walirudi kwa mapatro wale wale, chini ya kanuni ile ile. Ilidumu mpaka Desemba 1975.