Sura Mbaya Kwa Gemu Si Makosa ya Mashine

Wikendi iliyopita binamu yangu wa miaka tisa alikuwa na simu yangu hapa Rukanga, anatengeneza mhusika wa gemu. Nywele zilizonyooka zimejaa, za mawimbi zimejaa. Ya kipilipili ilikuwa moja tu, imekaa kama helmeti ya bodaboda. Akaniambia, "Huyu anakaa vibaya," akachagua mzungu. Huyo wa kukaa vibaya ndiye alikuwa anafanana na yeye.

Wengi watasema ni teknolojia. Sawa, turudi nyuma kidogo.

1996, Lara Croft wa Tomb Raider alikuwa na mwili wa pembepembe. Hiyo tunasamehe, mashine zilikuwa na nguvu kidogo. Lakini 2004 ikaja GTA San Andreas. Ukimpeleka CJ kwa kinyozi, anatoka na afro ama matuta. Akila sana ananenepa, akienda jimu anajaza misuli. Na hiyo ni PS2, ile ile tulikuwa tunapigania pedi kule Voi.

Ruka miaka kumi. 2014 inatoka The Sims 4, na wachezaji weusi wanalalamika kuwa ngozi nyeusi imepauka kama imepakwa jivu. Ilikuja kurekebishwa vizuri Desemba 2020, rangi zaidi ya 100 zikaongezwa. Miaka sita! PS2 iliweza afro, halafu kompyuta ishindwe na ngozi? Hapana. Ni watu waliamua nani aanze na nani angoje.

Nywele nazo vilevile. Wataalamu wa picha za kompyuta walishughulikia nywele zilizonyooka kwa miaka mingi. Mwaka 2024 watafiti, wakiwemo A.M. Darke na Theodore Kim wa Yale, walitoa hesabu za nywele zilizojisokota sana, kama zetu.

Na sisi tulikuwa wapi? Tulikuwepo. 2007 Mkenya Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, gemu ya 3D yenye shujaa mwanamke Mwafrika. Hakungoja mtu wa mbali amchoree.

Mimi chuo niliacha, sitajifanya profesa. Lakini nimeona nyanya akisokota katani ya kiondo kwa paja, uzi baada ya uzi. Mambo ya kujisokota tunayajua huku. Blender ni ya bure, hata kwa laptop ya mtumba inaingia. Nimeshaanza kumfundisha huyo binamu. Somo la kwanza ni nywele zake.