Simu Juu ya Hadubini

Nimesoma slaidi za malaria kwa miaka 26, jicho la kulia kwenye hadubini, la kushoto wazi. Tone nene la damu, rangi ya Giemsa, tone la mafuta, halafu unahesabu: uwanja wa kwanza unaoonekana kwenye lenzi, wa pili, mpaka 100, ndipo uandike kwamba hakuna vimelea. Foleni ikifika mlangoni, nani anafika 100? Mimi nimewahi kuishia 40, na aibu yake ninayo hadi leo.

Ndiyo maana habari za Chuo Kikuu cha Makerere zilinigusa. Pale Kampala, watafiti wa akili mnemba walichukua simu ya mkononi, wakaifunga juu ya hadubini kwa kishikizo cha plastiki kilichochapwa kwa printa ya 3D, wakapiga picha za damu. Kisha watu wa maabara wakakaa wakitia alama kwenye kila kimelea, picha baada ya picha, na kompyuta ikajifunza kutokana na alama hizo. Mwaka 2016 mmoja wa watafiti hao, John Quinn, na wenzake walichapisha matokeo: malaria kwenye damu, kifua kikuu kwenye makohozi, mayai ya minyoo kwenye choo.

Tangu daktari Mfaransa Laveran akione kimelea cha malaria kule Algeria mwaka 1880, kazi hii ilikuwa ya jicho. Sifa zimekwenda kwa wenye kompyuta, lakini waliotia alama ni wenzangu wa slaidi. Na slaidi ikioshwa vibaya, simu nayo inaona madoa ya rangi tu, kama mimi.